Kabla Upige Fomati: Historia Fupi ya Linux Kukwama Ikipanda Toleo

Wasee, leo tuongee kuhusu ile skrini nyeusi.

Umekubali toleo jipya la Ubuntu. Umengoja saa nzima na zaidi, maandishi yakipita mbio kama nganya za usiku. Laptopu imejizima, ikajiwasha, halafu badala ya picha uliyozoea unaona neno initramfs ndani ya mabano na kamstari kanakowakawaka. Kipanya hakisongi. Menyu hakuna. Mtu wa kwanza utakayemuuliza atakuambia, "Hiyo imekufa buda, piga fomati."

Mimi nasema usipige. Hiyo mashine haijakufa. Imekwama katikati ya safari, na kukwama katikati ya safari ni kitu Linux imekuwa ikipambana nacho tangu mwanzo. Karibu kila kifaa utakachotumia kuitoa hapo kiliundwa na watu waliokwama kabla yako. Ukijua hiyo historia, ile skrini inaanza kusomeka.

Naandika haya juu naona wengi mnahamia huku. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za ex-UK tunazonunua mjini haziruhusiwi kuingia Windows 11, ama kwa sababu prosesa ni ya zamani ama haina TPM 2.0. Kwa hivyo watu wanaweka Linux, inafanya kazi fiti miezi kadhaa, halafu toleo jipya linakuja na hapo ndipo kilio kinaanza.

Enzi ambayo fomati ilikuwa ndiyo dawa

Linus Torvalds alitangaza mradi wake tarehe 25 Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Alichokuwa akiandika ni kerneli tu, ile sehemu inayozungumza na prosesa, memori na diski. Kerneli peke yake haikufungulii hata barua. Unahitaji sheli ya kuandikia amri, programu za kunakili faili, na maktaba za msimbo ambazo programu zingine zinaegemea. Watu wakaanza kukusanya hivi vitu pamoja na kuvisambaza kwa diski za flopi. Mikusanyo hiyo ndiyo tunaita distro.

Moja ya zile za kwanza iliitwa SLS, ya 1992. Ilipendwa na ilikuwa na hitilafu kibao. Mwaka 1993 Patrick Volkerding akaisafisha, ikazaa Slackware. Mwaka huohuo, tarehe 16 Agosti, Ian Murdock, mwanafunzi wa Purdue kule Indiana, Marekani, akatangaza Debian. Jina lenyewe ni la mpenzi wake Debra likiunganishwa na lake.

Siku hizo kupanda toleo mara nyingi kulimaanisha kuweka faili zako kando, kufuta kila kitu, na kusakinisha upya. Kwa hivyo yule anayekuambia piga fomati leo anakupa dawa ya 1993.

Debian walikuja na mpango tofauti. Kila programu ifungwe kama kifurushi, na kifurushi kibebe maelezo yanayosema kinategemea vifurushi gani vingine na matoleo gani. Programu inayoitwa dpkg, ambayo Ian Jackson aliiandika upya kwa lugha ya C, inasoma hayo maelezo na kuweka daftari la kila kilichoingia. Hilo daftari liko kwako hadi leo. Linaitwa /var/lib/dpkg/status na ni maandishi ya kawaida, unaweza kulifungua ukasoma.

Sasa sikiza hapa. Ndani ya mfumo wa dpkg kuna hali rasmi zinazoitwa half-installed na half-configured. Kifurushi kilichosakinishwa nusu. Kifurushi kilichopangwa nusu. Yaani waliounda hiki kitu walijua kabisa kwamba kazi itakatikia njiani siku moja, wakaandaa jina la kuiita na amri ya kuendeleza pale ilipoachwa. Kukwama kwako kulishatarajiwa.

1995: toleo lililotoka kabla halijaiva

Debian yenyewe ilikwama hadharani mapema sana. Mwisho wa 1995 walikuwa wanahama kutoka muundo wa zamani wa programu, unaoitwa a.out, kwenda muundo mpya wa ELF. Kwa a.out, kila maktaba ya pamoja ilibidi ipangiwe mapema mahali pake kwenye memori, kazi ya kuchosha. ELF iliondoa hiyo shida, ndiyo maana kila mtu alikuwa anaitaka.

Wakiwa bado njiani, kampuni ya kuuza CD iliyoitwa InfoMagic ikachukua kazi ambayo haijakamilika, nusu a.out nusu ELF, ikaiweka kwenye CD zake kwa jina la Debian 1.0. Desemba 1995 ikabidi itangazwe kwamba hiyo siyo 1.0, na kwamba huenda hata isiwake. Ili kuzuia kuchanganyikiwa, Debian waliiruka namba hiyo. Toleo la kwanza la familia hiyo likatoka Juni 1996 kama 1.1, kwa jina Buzz, yule wa Toy Story, juu kiongozi wa mradi wakati huo, Bruce Perens, alikuwa mfanyakazi wa Pixar.

Ona kilichoharibu mambo. A.out ilikuwa inafanya kazi. ELF ilikuwa inafanya kazi. Ubovu ulikuwa kwenye mchanganyiko. Shika hilo wazo, kwa sababu apgredi nyingi zinazokwama hadi leo ni hadithi hiyohiyo: mfumo wenye mguu mmoja toleo la zamani na mwingine toleo jipya.

1998: kubadilisha msingi watu wakiwa ndani ya nyumba

Kuna maktaba moja inayoitwa libc. Karibu kila amri unayoandika, kuanzia ls, cp hadi mv, inaiegemea. Kati ya 1997 na 1998 dunia ya Linux ilihama kutoka libc5 kwenda libc6. Red Hat walihama na toleo lao la 5.0 Desemba 1997. Debian wakafuata na 2.0 Julai 1998.

Hizo mbili ziliweza kukaa kwenye diski moja bila vita. Shida ilikuja pale programu ya libc6 ilipovuta maktaba nyingine iliyoundwa kwa libc5. Zikikutana ndani ya programu moja, programu inaanguka. Ukibadilisha vifurushi kwa mpangilio mbaya, unaweza kujipata umeharibu amri zilezile ambazo ungezitumia kurekebisha. Ni kama kubomoa ngazi na wewe bado uko ghorofa ya tano.

Kwa hiyo wakaandika skripti iliyoitwa autoup.sh. Kazi yake ilikuwa kusakinisha vifurushi vya msingi kwa mpangilio sahihi, hiki kwanza halafu kile, kabla ya kugusa vingine. Mwaka uliofuata, Machi 1999, Debian 2.1 ikaja na APT, na sasa hesabu ya mpangilio ikafanywa na mashine yenyewe. Ukiandika apt leo, unatumia jibu la watu walioona mfumo ukivunjika kwa sababu ya kupanga vibaya.

Ile skrini unayoiogopa ni sanduku la fundi

Turudi kwa initramfs. Ukiangalia juu ya lile neno utaona jina BusyBox. Bruce Perens, yuleyule wa Buzz, ndiye aliyeianzisha BusyBox katikati ya miaka ya 1990. Alitaka flopi moja tu iweze kuwa ya kusakinisha Debian na pia ya kuokoa mfumo ulioharibika. Flopi inabeba megabaiti 1.44. Amri zote za kawaida hazingetoshea, kwa hiyo akazibana ndani ya programu moja ndogo.

Leo kiini hichohicho kiko ndani ya ruta nyingi za Wi-Fi na vifaa vingine vidogo. Na kiko kwa laptopu yako, kwenye mfumo mdogo unaoamka kwanza kabla diski kuu haijafunguliwa. Kerneli ikiamka na kushindwa kuipata ama kuifungua diski yako, inakuacha hapo kwa makusudi, ukiwa na vifaa mkononi. Kwa hivyo unachokitazama ni sanduku la fundi lililofunguliwa mbele yako, na watu wanaliita kifo.

Hii inaniuma kwa sababu moja. Binamu yangu alipata hiyo skrini baada ya stima kupotea katikati ya apgredi, betri ya laptopu ikiwa imechoka. Akapeleka kwa fundi wa mtaani. Fundi hakuuliza kama kuna kitu ndani. Alifomati dakika chache, akalipwa, akarudisha mashine ikiwa safi. Ndani kulikuwa na picha na sauti za shosho wetu, zile tulirekodi mwaka wake wa mwisho akitusimulia vile walitoka ushago. Hazikuwa mahali pengine popote. Diski ilikuwa nzima. Hiyo ndiyo bei halisi ya "piga fomati", na hailipwi kwa M-Pesa.

Diski iliyobadilishiwa jina

Ujumbe mwingine unaotisha ni ule wa ALERT! unaosema UUID fulani haipo. Nao una historia. Zamani Linux iliziita diski za kawaida hda, hdb na kuendelea. Karibu na 2006 na 2007, kerneli ilipohamia madereva mapya ya diski, zilezile hda zikaanza kuitwa sda. Hebu fikiria: mipangilio yako inasema mfumo uko hda1, unapanda toleo, unawasha, na hakuna kitu kinachoitwa hda1 tena. Diski iko palepale, data iko palepale, jina tu ndilo limebadilika.

Suluhisho lilikuwa kuacha kutegemea majina hayo na kutumia UUID, namba ndefu ya kipekee iliyoandikwa ndani ya mfumo wa faili wenyewe. Ndiyo maana faili ya /etc/fstab imejaa zile namba mbaya kusoma. Kwa hivyo ukiambiwa UUID haipo, maana yake ni kwamba mfumo mdogo umeitafuta diski kwa kitambulisho chake na haujaiona. Labda dereva haikuingia vizuri kwenye initramfs mpya. Labda kebo imelegea. Labda kweli diski inakufa. Ni maswali matatu tofauti, na fomati haijibu hata moja.

Hata wakubwa hukwama

Ubuntu ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ikiwa imejengwa juu ya Debian na kugharimiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno lenyewe ni ndugu wa utu wetu. Kwa miaka kadhaa hadi 2011 walikuwa wanatuma CD za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, na waliahidi toleo jipya kila miezi sita. Hiyo ahadi ndiyo ilifanya kupanda toleo kuwe jambo la kila mtu, sio la mafundi pekee.

Na bado inakwama. Mfano wa karibuni ni 24.04, iliyotoka 25 Aprili 2024. Ndani yake kulikuwa na mabadiliko makubwa kwa sababu ya mwaka 2038. Kompyuta zinazohesabu saa kwa biti 32 zitafikia mwisho wa hesabu tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Nairobi. Kutayarisha hilo, maktaba nyingi ziliundwa upya na kupewa majina mapya yanayoishia na t64, hata kwenye laptopu za biti 64 ambazo hazikuwa na hiyo shida. Libssl3 ikawa libssl3t64. Unaona? Ni libc ya 1998 tena, msingi unabadilishwa watu wakiwa ndani.

Watumiaji wa 22.04 waliambiwa wangoje 24.04.1. Ilipangwa kutoka 15 Agosti 2024, ikasogezwa hadi 29 Agosti. Siku chache baada ya kuifungua njia hiyo, wakaifunga tena, juu kulikuwa na hitilafu katika namna programu ya kupandisha toleo ilivyotumia hesabu za apt. Wakarekebisha, wakaifungua baadaye. Kama wanaoitengeneza wanaweza kusimama na kusema ngoja kwanza, wewe ni nani usisimame?

Sasa, yako imekwama. Fanya hivi

Kwanza tofautisha kupakua na kusakinisha. Ubuntu hupakua vifurushi vyote kabla ya kuanza kubadilisha mfumo. Bando ikiisha wakati wa kupakua, tulia, mfumo wako wa zamani bado uko mzima. Hatari ni stima kupotea wakati wa kusakinisha. Ndiyo maana betri ni muhimu kuliko kasi ya intaneti.

Pili, okoa data kabla ya kurekebisha chochote. Tafuta flashi yenye Ubuntu, washa laptopu kwa hiyo flashi, chagua kujaribu bila kusakinisha, fungua diski yako na unakili faili kwenda diski ya nje. Ukishafanya hivyo, hofu yote inaisha. Hata fomati sasa ni uamuzi, sio msiba.

Tatu, jaribu kerneli ya zamani. Apgredi huwa inaiacha. Shikilia Shift wakati wa kuwasha, ama ubonyeze Esc kwa mashine za UEFI, hadi menyu ya GRUB itokee. Ingia Advanced options, chagua kerneli yenye namba ndogo. Ikiwaka, basi shida iko kwa kerneli mpya ama dereva yake, mara nyingi ya Nvidia, na kila kitu kingine kiko sawa. Hapohapo kuna recovery mode, na ndani yake chaguo la dpkg la kurekebisha vifurushi.

Nne, kama umepata pa kuandika amri, endeleza kazi pale ilipoachwa:

sudo dpkg --configure -a

sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza inaenda kwa lile daftari na kumalizia vifurushi vilivyo nusu. Ya pili inaiambia APT ipange upya utegemezi. Soma inachosema kabla ya kukubali, hasa orodha ya vitu inavyotaka kuondoa. Ikilia kwamba hakuna nafasi, andika df -h uangalie /boot, maana kerneli kuukuu hujazana huko hadi mpya inakosa pa kukaa.

Tano, kama uko kwa initramfs, andika exit na ubonyeze Enter. Mara nyingi itakuambia sababu. Ikisema uendeshe fsck kwa mkono, itataja na diski, kwa mfano /dev/sda2. Kama ulishaokoa data, andika fsck -y ikifuatwa na jina hilo hasa, sio nililoandika mimi.

Sita, kama hakuna kinachowaka, rudi kwa ile flashi na utumie chroot, kifaa cha Unix cha tangu 1979. Unaifungua diski yako ndani ya /mnt pamoja na /boot kama iko kando, unaunganisha /dev, /proc na /sys, halafu unaingia ndani ya mfumo wako kana kwamba umewaka. Ukiwa humo, zile amri mbili za dpkg na apt zinafanya kazi, na update-initramfs na update-grub pia.

Na ushahidi wote uko /var/log/dist-upgrade. Faili za main.log na apt.log zinakuambia ilifika wapi na ilikwama kwa kifurushi kipi.

Mimi niliacha chuo, na hakuna hata moja ya haya nilifundishwa darasani. Nimeyasoma kwa sababu watu wa 1995 na 1998 waliandika walichokwama nacho badala ya kufuta na kunyamaza. Ukifomati bila kusoma, unapoteza faili na pia unapoteza jibu, na mwaka ujao utakwama palepale.

Kwa hivyo kama skrini yako ni nyeusi saa hii, ipige picha kwa simu. Halafu niandikie mistari mitatu ya mwisho, neno kwa neno. Usiniandikie "imekataa." Imekataa nini?